Kitenzi Kilichoacha Kutembea

Mwaka 1116 moto uliiteketeza abasia ya Peterborough, mashariki mwa Uingereza, na vitabu vya watawa vikaangamia pamoja na majengo. Miaka mitano hivi baadaye watawa wale waliazima nakala ya tarikhi ya Waanglo-Saksoni kutoka kwingine, wakainakili tangu mwanzo hadi mwaka waliokuwa nao, kisha wakaendelea kuiandika wenyewe hadi 1154. Kwa ajili ya msiba huo, kitabu kimoja kimebeba Kiingereza cha aina mbili. Sehemu iliyonakiliwa imeandikwa kwa lugha ya kale iliyosanifiwa katika ufalme wa Wessex, ambamo nomino na vionyeshi vyake hubadili miisho ili kuonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Sehemu ya mwisho, inayosimulia vurugu za enzi ya Mfalme Stephen, imeandikwa na mtu ambaye miisho hiyo ilikuwa imekwisha kumtoka kinywani. Nomino zake karibu zote zimebaki na umbo moja, na mara nyingi kiima kimetangulia, kitenzi kikafuata, shamirisho ikaja nyuma, kama katika gazeti la London la leo.

Ushahidi wa namna hii umezaa simulizi ambayo karibu kila utangulizi wa historia ya Kiingereza huirudia. Miisho ya maneno ilikufa, tunaambiwa, na kwa kuwa msikilizaji hakuwa tena na njia ya kumtambua mtenda na mtendwa, mpangilio wa maneno ukalazimika kukaza ili ufanye kazi ile ile. Simulizi imedumu kwa sababu ni fupi na ina mantiki. Sisi tunaosema Kiswahili tunaielewa upesi, maana kitenzi chetu hubeba ndani yake kiambishi cha mtenda na cha mtendwa, na kwa hiyo “Ali nimemwona” na “nimemwona Ali” hupishana bila kumchanganya mtu. Lakini simulizi hiyo inaeleza nusu tu ya mambo, tena nusu iliyo rahisi. Inaeleza kwa nini nomino zilipanga foleni. Haielezi kwa nini mwanafunzi wa Arusha au Kisumu huambiwa kwamba “She drinks often tea” ni kosa, wala kwa nini haruhusiwi kuuliza “Drink you tea?” kama Mjerumani aulizavyo kwa lugha yake, bali sharti aweke mbele neno “do” ambalo pale halina maana yoyote. Ninadai kwamba mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho si kifo cha miisho ya nomino. Zamani kitenzi cha Kiingereza kilikuwa kikitembea ndani ya sentensi. Kiliacha kutembea kwa awamu mbili, ya kwanza katika karne ya 14 na ya 15, ya pili kati ya karne ya 16 na ya 18. Na viwakilishi na vielezi ndivyo vinavyotuonyesha mahali kiliposimama.

Tuanze na lugha ya Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex kuanzia 871 hadi 899, na ya Abate Ælfric wa Eynsham aliyeandika karne moja baada yake. Katika sentensi huru kitenzi kilipenda nafasi ya pili. Mbele yake paliweza kukaa kiima, shamirisho, au kielezi cha mahali au cha wakati. Msimulizi alipoanza kwa neno “þa”, yaani “hapo”, kitenzi kilifuata papo hapo na kiima kikaja nyuma yake, kiwe nomino au kiwakilishi. Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya neno la kuuliza, na pale kikanushi “ne” kilipotangulia kitenzi mwanzoni mwa sentensi. Lakini sentensi ilipofunguliwa kwa kitu kingine, tuseme shamirisho au kielezi cha kawaida, nomino na kiwakilishi viliachana njia: kiima kikiwa nomino kilikaa nyuma ya kitenzi, kikiwa kiwakilishi kilijipenyeza mbele yake. Viwakilishi vya shamirisho navyo vilikuwa na haraka hiyo hiyo, vikitangulia kitenzi mahali ambapo nomino ingesubiri nyuma. Katika sentensi tegemezi kitenzi kilielekea mwishoni, kama ilivyo katika Kijerumani hadi leo. Huu haukuwa uholela, kama wanavyodhani wale wanaosikia kwamba lugha yenye miisho haihitaji mpangilio. Ælfric, aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza ili wanafunzi wa monasteri waielewe, alikuwa na nathari ambayo mahali pa kitenzi chake panaweza kutabiriwa kwa kiasi kikubwa.

Hapo ndipo simulizi ya miisho inapoanza kupwaya. Tayari katika zama za Alfred nomino nyingi hazikutofautisha mtenda na mtendwa. Neno la mfalme, “cyning”, na la jiwe, “stan”, yalikuwa na umbo moja katika kazi zote mbili. Kilichobadilika ni kionyeshi kilichotangulia, “se” kwa mtenda na “þone” kwa mtendwa. Nomino za jinsi ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, zilikosa hata tofauti hiyo, na watu waliishi na utata huo kwa karne kadhaa bila kukifungia kitenzi. Viwakilishi kwa upande wao havikupoteza tofauti hiyo: “he” na “him”, “I” na “me” bado vinajulikana kila kimoja kwa umbo lake. Kama mpangilio ungekuwa fidia ya miisho iliyokufa, viwakilishi vingeendelea kurandaranda kama zamani, maana hakuna atakayemdhania “him” kuwa mtenda hata akiwekwa wapi. Navyo vilifungwa pamoja na nomino. Zaidi ya hayo, ukitazama lugha ndugu utaona mambo yasiyolingana na simulizi. Kiaislandi kimehifadhi hali nne za nomino hadi leo, na bado kitenzi chake hushika nafasi ya pili kwa utaratibu mkali. Kiholanzi, Kidenmaki na Kiswidi zilipoteza miisho ya nomino karibu sawa na Kiingereza, nazo zimeendelea na kitenzi cha pili. Katika ukoo mzima wa lugha za Kijerumaniki ni Kiingereza peke yake kilichoiacha desturi hiyo kama kanuni ya jumla. Jambo lililozipata lugha nyingi haliwezi kuwa sababu tosha ya jambo lililoipata moja.

Basi tutafute lililoipata moja. Mwaka 793 Waviking walishambulia monasteri ya Lindisfarne, mwaka 865 likaja jeshi lao kubwa, na baada ya 878 Alfred na Guthrum wakagawana nchi. Kaskazini na mashariki vikajaa walowezi kutoka Denmark na Norway, na kuanzia 1016 hadi 1035 mfalme wa Uingereza nzima alikuwa Cnut, Mdenmaki. Walowezi na wenyeji walisema lugha zilizofanana mizizi na kutofautiana miisho, wakaoana, wakauziana ng’ombe, wakashtakiana barazani. Kipimo cha ukaribu wao ni kwamba Kiingereza kilichukua kutoka kwao hata viwakilishi “they”, “them” na “their”, na viwakilishi ni maneno ambayo lugha haziazimi kirahisi. Mwaka 1997 wanaisimu Anthony Kroch na Ann Taylor walitoa hoja kwamba mchanganyiko huo uliacha Uingereza na desturi mbili za kitenzi cha pili. Kaskazini kitenzi kilishika nafasi ya pili bila kujali kiima ni nomino au kiwakilishi. Kusini, kama kwa Ælfric, kiwakilishi kiliruhusiwa kujipenyeza mbele ya kitenzi na kukisogeza hadi nafasi ya tatu. Kwa muda mrefu kila upande ulikaa na lake. Watu wa kaskazini na wa kati walipoanza kukutana na wa kusini mijini, hasa katika London ya karne ya 14 iliyovuta wahamiaji wengi, mtoto aliyelelewa kwa kanuni ya kaskazini alisikia kila siku sentensi za kusini ambazo kiwakilishi kimekaa kabla ya kitenzi. Kwake sentensi hizo zilikuwa na maana moja tu: kitenzi hakilazimiki kuwa cha pili. Viwakilishi ndivyo viima vya kawaida zaidi katika mazungumzo, na kwa hiyo ushahidi huo potofu ulimjia asubuhi hadi jioni.

Hoja hii ninaiona nzuri kuliko zote zilizotolewa, kwa kuwa inatumia kitu ambacho Kiingereza kilikuwa nacho na ndugu zake hawakuwa nacho. Ni tofauti na dai la Joseph Emonds na Jan Terje Faarlund, ambao katika kitabu cha 2014 walisema Kiingereza cha Kati kiliacha kabisa kuwa mtoto wa Kianglo-Saksoni na ni lugha ya Skandinavia. Wana mambo ya kusikilizwa kuhusu vihusishi vinavyoachwa mwishoni mwa sentensi. Kuhusu kitenzi hata hivyo dai lao halitusaidii, maana lugha zote za Skandinavia zimeshikilia nafasi ya pili hadi leo. Kama Kiingereza kingekuwa mojawapo, kingepaswa kuishikilia pia.

Kitenzi kilipoacha kurukia mbele ya kiima, nafasi iliyo mbele yake ikawa mali ya kiima peke yake, na nafasi hiyo ikaanza kutawala maumbo. Katika Kiingereza cha Kale vilikuwako vitenzi ambavyo mtu anayehisi jambo hakuwa mtenda wake. Tuseme mapeasi yalimpendeza mfalme: neno “mfalme” liliwekwa katika hali ya kupokea, ingawa lilitajwa kwanza. Otto Jespersen, mwanasarufi wa Denmark, alitumia sentensi ya mfalme na mapeasi kueleza jinsi kitenzi “like” kilivyogeuka: kwanza kilimaanisha “kupendeza”, na mapeasi ndiyo yaliyokuwa mtenda, wasikilizaji wa baadaye, waliozoea kwamba aliye mbele ya kitenzi ndiye mtenda, wakamsikia mfalme akipenda. Kitenzi kile kile, mfalme yule yule, mapeasi yale yale, lakini anayehisi amepewa kazi mpya kwa sababu ya mahali alipokaa. “Methinks” ni masalio ya namna ya zamani, ambayo “me” lilitangulia kitenzi bila kuwa mtenda wake.

Mfano wenye nguvu zaidi ni “you”. Kwa karne nyingi “ye” lilikuwa la mtenda na “you” la mtendwa, kama “he” na “him”. Watafsiri wa Biblia ya 1611 bado waliitunza tofauti hiyo kwa uangalifu. Katika mazungumzo ya watu wa zama zao “you” lilikuwa limekwisha kuichukua nafasi ya mbele na kumfukuza “ye”. Tofauti haikufa kwa kufifia kwa sauti, kama miisho ya nomino ilivyofifia katika silabi zisizo na mkazo. Maumbo yote mawili yalikuwa hai na yanasikika vizuri. Kilichotokea ni kwamba mahali palitosha kumtambulisha mtenda, umbo likakosa kazi. Simulizi ya kawaida inasema umbo lilikufa na mpangilio ukaja kuliokoa taifa na utata. Hapa tunaona mpangilio ukitangulia na umbo likifa kwa sababu yake.

Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza. Ya pili ilikuja baadaye, ni ya ajabu zaidi, na ndiyo inayowasumbua wanafunzi. Mwaka 1500 kitenzi cha Kiingereza hakikuwa tena kikirukia nafasi ya pili kila mara, lakini bado kilikuwa na uwezo wa kuvuka maneno madogo yaliyoandamana nacho. Kilivuka kikanushi, watu wakasema “I know not”. Kilivuka kiima katika swali, wakauliza “Know you?” Kilivuka vielezi, na “drinks often” au “drinks never” hazikuwa sentensi za mgeni. Kifaransa bado kiko hivyo: Mfaransa huweka kielezi cha “mara nyingi” baada ya kitenzi na kabla ya shamirisho, na mwaka 1989 Jean-Yves Pollock aliutumia ulinganisho huo kueleza kwamba kitenzi cha Kifaransa hupanda juu ya kielezi ilhali cha Kiingereza hubaki chini yake. Ulinganisho huo unamjibu pia anayesema kwamba mpangilio wa Kiingereza uliletwa na Wanormani waliouteka utawala mwaka 1066. Kifaransa kilimimina katika Kiingereza maelfu ya maneno ya mahakama, ya jikoni na ya kanisa. Kama kingefundisha pia mahali pa kitenzi, Waingereza leo wangekuwa wanasema kosa lile lile ambalo walimu wao husahihisha kwa kalamu nyekundu.

Ukanushaji ndio unaoonyesha vizuri hatua zenyewe, na Jespersen aliueleza mwaka 1917 kwa namna ambayo bado inafundishwa. Kwanza kulikuwa na “ne” mbele ya kitenzi. Neno hilo lilikuwa dogo na dhaifu, likaongezewa nyuma neno la kukazia, lililomaanisha “hata kitu”, ambalo likafupika kuwa “not”. Kisha “ne” ikachakaa na kudondoka, na “not” ikabaki peke yake nyuma ya kitenzi. Mpaka hapo Kiingereza kilikuwa kikifanya kama Kijerumani na lugha za Skandinavia. Baadaye kitenzi kikaacha kuivuka “not”, na sentensi ikawa na pengo mbele ya kikanushi ambalo lilihitaji kujazwa na kitu chenye uwezo wa kubeba wakati na nafsi. Vitenzi visaidizi kama “will”, “can”, “have” na “be” viliendelea kutembea, kwa hiyo vyenyewe havikuhitaji msaada. Vitenzi vingine vyote vilipewa mbebaji, na mbebaji huyo alikuwa “do”.

Habari za “do” tunazijua vizuri kwa sababu ya kazi ya subira ya Alvar Ellegård wa Gothenburg, aliyechapisha mwaka 1953 hesabu ya maelfu ya sentensi kutoka mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa ya 18. “Do” lisilo na maana huonekana mapema zaidi ya hapo, katika tungo za kusini-magharibi mwa Uingereza za karne ya 13, ambako watunzi walilitumia kusukuma kitenzi kikuu mwishoni mwa mshororo ili kipate kina. Katika nathari liliingia polepole. Wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza lilikuwa limeenea katika maswali na lilikuwa likipanda katika ukanushaji, na watu walilitumia pia katika sentensi za kawaida za kukubali, takriban moja katika kumi lilipofika kileleni, bila mkazo wowote. Kisha likatokea jambo ambalo mtu asingelitarajia. Katika sentensi za kukubali lilianza kutoweka, na katika maswali na ukanushaji likaendelea hadi kuwa sharti. Arja Nurmi wa Helsinki, akichunguza barua za watu halisi wa zama hizo, aliona mwaka 1999 kwamba kushuka kwa kwanza katika sentensi za kukubali kulikuwa kwa ghafla mwanzoni mwa karne ya 17, akapendekeza kwamba Waskoti waliomfuata Mfalme James huko London mwaka 1603, ambao lugha yao haikuwa na “do” hiyo, walichangia. Vitenzi vichache, “know”, “doubt” na “care” vikiwa miongoni mwao, viliendelea kutembea peke yao katika ukanushaji baada ya vingine kusimama. Ndiyo maana “I know not” ilisikika mpaka karne ya 18 na bado inaeleweka bila kuchekwa.

Kwa hoja yangu kilicho muhimu zaidi ni kile Kroch alichokigundua mwaka 1989 alipozipitia upya hesabu za Ellegård. Maswali yalikuwa na “do” nyingi kuliko ukanushaji katika kila kipindi, lakini mwendo wa kupanda ulikuwa mmoja katika aina zote hadi robo ya mwisho ya karne ya 16. Kama kila aina ya sentensi ingekuwa na sababu yake, ingepanda kwa kasi yake. Mwendo mmoja unaashiria badiliko moja lililofichika chini, yaani kitenzi kikuu kuacha kupanda, na “do” ni moshi tu wa moto huo. Vielezi vinakubaliana na hilo. Katika kipindi kile kile “never” na wenzake wanahama kutoka nyuma ya kitenzi kwenda mbele yake, ingawa kielezi hakihitaji “do” wala hakina ugomvi nayo. Ukweli ni kwamba kielezi hakikuhama kokote. Kilichohama ni kitenzi, kwa kutokupanda tena, na kielezi kikaonekana kimesogea mbele.

Kuna pingamizi tatu zenye uzito, na ya kwanza inatoka kwa wanaoamini kwamba “do” ni urithi wa Waselti. Mwanaisimu John McWhorter ameitetea rai hii kwa ufasaha: Kiwelisi na lugha ya Cornwall zina muundo wa kitenzi “kufanya” unaofanana nayo, Waselti walikuwa wenyeji wa kisiwa kabla ya Waanglo-Saksoni, na ukimya wa maandishi unaelezwa na ukweli kwamba waandishi walikuwa tabaka la juu lililoficha lugha ya wakulima. Jiografia inamsaidia, kwa kuwa “do” za mapema ni za kusini-magharibi, jirani na Cornwall, na katika Somerset na Dorset “do” isiyo na mkazo katika sentensi za kukubali iliishi hadi zama za karibuni. Sioni sababu ya kuikataa kabisa. Lakini hata kama Waselti ndio walioleta neno, hawaelezi kwa nini lililala kwa miaka mia saba, wala kwa nini baada ya kuamka lilibaki palepale tu ambapo kitenzi kingepaswa kutembea na likafutika kwingine. Mgawanyo huo unaelezwa na kusimama kwa kitenzi na si kwa asili ya neno lililotumika kuziba pengo.

Pingamizi ya pili ni ya kiufundi zaidi na inavutia. Wapo wanaosema kitenzi kilisimama kwa sababu kilipoteza miisho ya nafsi, ile ya “thou knowest” na ya wingi iliyoishia kwa “-en”, kwani lugha zenye vitenzi vyenye miisho mingi, kama Kiaislandi, huviacha vitembee. Ulinganifu huo ni wa kweli kwa sehemu. Hata hivyo muda haulingani: mwisho wa wingi ulikuwa umekaribia kutoweka London mnamo 1500, na kitenzi kiliendelea kuivuka “not” kwa karne mbili zaidi. Nafikiri upotevu huo ulimnyima mtoto mojawapo ya dalili zilizomwonyesha kwamba kitenzi hupanda. “Do” nayo ilimpunguzia dalili nyingine, kwa kuwa kila swali lenye “do” ni swali moja ambalo ndani yake kitenzi kikuu hakionekani kikitembea. Dalili zilipopungua kizazi baada ya kizazi, kilifika kizazi kisichoziona.

Pingamizi ya tatu ni ya wale wanaodhani mpangilio uliwekwa na wanasarufi na wachapaji. Tarehe zinawakatalia. Mchapaji William Caxton alianza kazi Westminster mwaka 1476, wakati awamu ya kwanza imekwisha. Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa, ya William Bullokar, ni ya 1586, na wakati huo “do” ilikuwa imekwisha kushika maswali. Samuel Johnson, katika sarufi iliyotangulia kamusi yake ya 1755, aliilaani “do” ya sentensi za kukubali kuwa kasoro ya usemi, kana kwamba anamhukumu mtu aliyekwisha kuzikwa. Wanasarufi walifika baada ya mambo kwisha, wakageuza yaliyopo kuwa amri. Pale tu walipojaribu kuamrisha lisilokuwapo ndipo walipoonekana, na kitu walichokigusa kilikuwa kielezi.

Mwaka 1864 Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, alikemea tabia ya kutia kielezi kati ya “to” na kitenzi, akidai desturi ya lugha haiiruhusu. Desturi iliiruhusu tangu Enzi za Kati, ingawa mara chache, na katika karne ya 19 tabia hiyo ilikuwa ikizidi, jambo ambalo bila shaka ndilo lililomfanya aitambue. Marufuku hiyo ikawatisha wenye elimu kwa zaidi ya karne moja, hata mwanakamusi H. W. Fowler mwaka 1926 akawagawa Waingereza kwa dhihaka kulingana na jinsi wanavyoijua au kuijali. Woga ukaenea hadi kielezi kilicho kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, mahali ambapo Kiingereza chote hukiweka bila kufikiri. Tarehe 20 Januari 2009 Jaji Mkuu John Roberts alikuwa akimwapisha Barack Obama huko Washington, na neno “faithfully” likamponyoka. Katiba iliyoandikwa 1787 imeliweka kati ya “will” na “execute”. Roberts akalisukuma hadi mwishoni, Obama akasita, maneno yakavurugika, na kesho yake kiapo kikarudiwa Ikulu ili pasiwe na shaka. Mwanaisimu Steven Pinker aliandika katika New York Times kwamba Roberts aliponzwa na kanuni hiyo ya uongo. Huenda ilikuwa tu kumbukumbu iliyoteleza, kwani kusema maneno ya katiba bila karatasi mbele ya umati ule si kazi ndogo. Lakini Pinker yuko sahihi kuhusu kanuni. Kitenzi kikuu kimesimama, kisaidizi kimepanda, na uwanja ulio kati yao ndio makao ya asili ya kielezi. Waandishi wa katiba walilijua hilo kwa masikio.

Namna za zamani hazikufutika zote. Mtu aliyesimama kituoni husema “Here comes the bus”, kitenzi kikiwa cha pili na nomino nyuma yake. Akitumia kiwakilishi atasema “Here it comes”, na hawezi kusema “Here comes it”. Nomino nyuma, kiwakilishi mbele: ndio mgawanyo ule ule wa nathari ya Ælfric. Sidai kwamba uzi haukukatika hata siku moja katika miaka elfu, lakini umbo ni lile. Upande mwingine, baada ya “never” mwanzoni mwa sentensi hata kiwakilishi hubaki nyuma, “Never have I seen it”, kama zamani baada ya “þa”. Tofauti ni kwamba leo kinachoruka ni kisaidizi tu. Viwakilishi vya shamirisho navyo vina ukaidi wao. Unaweza kusema “pick up the book” au “pick the book up”, lakini kiwakilishi sharti kikae katikati, “pick it up”, karibu na kitenzi kama kilivyopenda tangu awali, na kaskazini mwa Uingereza bado utasikia “give it me”, viwakilishi viwili vikifuatana bila kihusishi.

Na kitenzi hakijamaliza kusimama. “Have” likimaanisha kumiliki lilikuwa likitembea kwa Waingereza hadi juzijuzi, “Have you any sugar?”, na sasa wengi wao wamejiunga na Wamarekani katika “Do you have”. “Need” na “dare” zinasema “Need I go?” kwa wazee na “Do I need to go?” kwa vijana. “Be” ndiyo ngome iliyobaki, ikitembea katika kila swali na kila ukanushaji wa kawaida. Katika makatazo tu “do” imekwisha kuipita mlangoni: hakuna anayesema “Be not late” kwa mtoto anayekwenda shule, wote husema “Don’t be late”.